Mwaka wa Siku Zinazojuana

Aziza alinipigia simu Jumamosi asubuhi, mikono yangu ikiwa imelowa maji ya sombe, majani ya muhogo niliyokuwa naosha. Sikuitambua sauti yake. «Mama Ngalula? Ni miye Aziza, mutoto ya Papa Ramazani wa Kamalondo. Papa alituacha juzi, tulishamuzika. Kesho iko dua ku nyumba. Mama anasema ukuje.» Nikamwambia nitakuja, nikakata simu, nikabaki nimesimama jikoni na hasira isiyojua pa kwenda. Kutoka kwangu Karavia hadi Kamalondo mtu anaweza kwenda na kurudi kabla maharagwe hayajaiva, na mimi sikuwa nimekanyaga nyumba ile kwa miaka arobaini. Niliiacha sombe kwenye beseni, nikaenda kufungua sanduku la chini ya kitanda. Karatasi ilikuwa mahali pake, ndani ya bahasha ya kaki. Ilikuwa nakala ya kaboni, rangi ya buluu imefifia, pembeni imeliwa na mende, lakini hesabu zote zilisomeka. Juu yake imeandikwa kwa mashini: ukurasa wa pili.

Ukurasa wa kwanza sina. Ule ulibaki Kampuni ya shaba nilikokuwa nafanya kazi, na ndio uliofanya kazi yote mbaya. Nimewasimulia wanangu habari za mwaka ule mara nyingi, na kila mara wananikatiza nikifika kwenye hesabu, eti Mama ameanza. Basi hapa naandika, na atakayechoka afunge mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Sote tulikuwa citoyen na citoyenne, yaani raia, wanaume wamevaa abacost, suti isiyo na tai, hata kwenye joto la Oktoba, na asubuhi mbili kwa wiki kazi ilianza kwa kucheza ngoma ya Chama uwanjani kabla ya kushika chombo chochote. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na karatasi ya takwimu mkononi, msichana pekee katika ofisi ya hesabu ya tanuri la shaba. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha matatu, na katika madirisha yote matatu ulikuwa unaona kitu kile kile: bomba kubwa la moshi. Vumbi jeusi lilikuwa linakaa juu ya meza tena dakika kumi baada ya kufuta. Nilipewa mashini ya kuhesabu ya kuzungusha kwa mkono, nzito kama jiwe la kusagia, na kila ilipofika mwisho wa safu ililia kengele, na wenzangu wanaume walipenda kuitikia kengele ile kwa kuita, «Citoyenne, chakula kiliiva?» Walicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Nilikuwa nauma meno na kuendelea kuzungusha.

Asiyecheka alikuwa Papa Ramazani. Yeye ndiye aliyekuwa anachukua sampuli za takataka ya tanuri, ile tuliyoiita skori, inayomwagwa ikiwa moto na kuganda kama kioo cheusi. Kazi yake, na ya wasaidizi wake, ilikuwa kuokota vipande kutoka kila ndoo, kuvisaga, kuvitia katika mfuko na kuupeleka maabara, na maabara ilisema ni shaba kiasi gani iliyopotea humo siku ile. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye kofia ya kufuma ambayo hakuivua hata mbele ya wakubwa, na alikuwa amebakiza miaka miwili apate pensheni. Kila asubuhi aliniletea karatasi ya jana pamoja na mikate miwili ya mafuta ndani ya gazeti. «Kula, mama,» alikuwa ananiambia, yeye mwenye umri wa kunizaa. «Hesabu haiingiaka mu tumbo ya njaa.» Gazeti liliacha mafuta kwenye karatasi za takwimu, na hadi leo nikiona doa la mafuta kwenye tarakimu nasikia njaa.

Mwaka ule shaba iliyopotea kwenye skori ilianza kuongezeka. Mkuu wetu, Citoyen Ilunga, alibandika ukutani karatasi ya miraba na kuniamuru niweke nukta moja kwa kila siku, kisha yeye mwenyewe akapiga mstari katikati ya nukta. Mstari ulipanda. Sasa kupanda kule kulitaka mwenye kosa, na wa kuchaguliwa walikuwa wawili tu. Ama tanuri lenyewe lilikuwa bovu, na hapo angeulizwa Citoyen Ilunga pamoja na wakubwa zake waliokataa kulisimamisha kwa matengenezo. Ama anayechukua sampuli alikuwa anaokota vibaya. Papa Ramazani alikuwa amehamishiwa tanuri lile mwanzoni mwa mwaka, wiki ile ile ambayo mstari ulianza kupanda. Citoyen Ilunga hakuhitaji zaidi. Alipiga hesabu yake ya kupima kama kupanda kule kungeweza kutokea kwa bahati tu, akapata kwamba haiwezekani hata kidogo, akaandika neno moja ambalo siku zile lilikuwa linaweza kumpoteza mtu: sabotaji, yaani hujuma.

Nilijua hesabu ile ina kosa, na kosa lenyewe si la kuzidisha wala kugawanya. Ile kanuni aliyoitumia inaamini kwamba kila siku ni shahidi anayejitegemea. Ukiwa na siku mia moja una mashahidi mia moja, na mashahidi mia wakisema jambo moja, nani atabisha? Lakini mashahidi wakiwa ndugu wa nyumba moja, wamelala pamoja na kupanga maneno, basi unao mmoja tu anayejirudia. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo kitabu changu cha chuo kilisema lifanywe kwanza kabla ya lingine lolote. Kila siku nikatoa tofauti kati ya nukta na mstari, yaani mabaki, kile ambacho mstari umeshindwa kukieleza. Yakiwa juu ya mstari nikaandika jumlisha, yakiwa chini nikaandika toa. Siku zingekuwa hazijuani, alama zingechanganyika ovyo. Zangu zilikuja kwa makundi, jumlisha nane zikifuatana, halafu toa sita, halafu jumlisha tena, zimepanga foleni kama watoto wa shule.

Papa Ramazani alizikuta mezani, akainama. «Iko nini hii, mama?» Nikamweleza kwa maneno hayo hayo, siku kujuana na kutojuana. Akazifuata kwa kidole chake kilichoungua ncha. Akacheka. «Kumbe siku za tanuri yetu zinajuana!» Sikumwambia kwa nini nazihesabu. Hakujua bado kwamba jina lake liko kwenye faili, na mimi nilijiona mkombozi wake wa siri. Leo nikikumbuka jinsi nilivyojisifu moyoni natamani kumpiga kofi yule msichana.

Alama zilikuwa za kutazama tu. Kipimo chenyewe kilikuwa kirefu zaidi. Unachukua mabaki ya leo, unatoa ya jana, unazidisha jibu kwa lenyewe, unajumlisha siku zote. Halafu unagawanya kwa jumla ya mabaki yaliyozidishwa kwa yenyewe. Siku zisizojuana zinatoa jibu karibu na mbili. Siku zinazovutana zinalishusha kuelekea sifuri. Nilizungusha mashini ile wiki nzima, bega likavimba, na jibu langu halikufika hata moja. Nilirudia yote mara ya pili. Nilipolipata tena lile lile niliruka kwenye kiti, nikaenda mbio kwa Citoyen Ilunga.

Alikuwa anakula, sahani ya bukari, ugali wetu, na bitoyo, samaki wa chumvi, juu ya kitambaa safi, dereva wake amemletea kutoka kwake mtaa wa Golf. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kutafuna. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, mjinga ningemsamehe. Akanawa mikono taratibu. «Bien, Citoyenne. Siku zinajuana. Sasa niambie: skori iko na kumbukumbu? Jiwe inakumbuka jana?» Nikasema hapana. «Basi kuna kitu kinaunganisha siku na siku. Test yako inasema kiko, haisemi ni nini. Tafuta. Ukikipata, utaandika, na miye nitatuma rapport yako mu Direction, kwa bakubwa, na jina yako.» Jina langu! Nilitoka pale nikikanyaga hewa.

Ijumaa ile Papa Ramazani alinialika kwao kula. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili Kamalondo, nyuma ya fundi cherehani, na sauti ya cherehani ilipita ukutani wakati wote kama mtu anayekuna kichwa. Mama Zaina, mkewe, alitandika mkeka, akaleta wali, mboga ya lenga-lenga na samaki, na baada ya kula akaanza kukanda unga wa mikate ya kesho. Aziza, wakati huo wa miaka kumi, alikuwa ananitazama bila kupepesa kwa sababu aliambiwa mimi ninapiga hesabu kwa mshahara. Nilimwona Mama Zaina akifunua bakuli dogo na kutoa bonge la unga uliochacha, akalitia ndani ya unga mpya. Nikauliza ni la nini.

«Ni ya jana,» alisema. «Naachaka kidogo, inaumusha ya leo. Na ya leo nitaacha ya kesho.»

Papa Ramazani akacheka kutoka kwenye kiti chake. «Ni sawa na mifuko yetu ya skori!»

Nilimgeukia. Nikamwuliza anamaanisha nini. Akanieleza kwa uwazi wote, kama mtu anayeeleza namna ya kufunga kamba ya kiatu. Maabara ilikuwa inakataa mfuko wowote usiofika uzito. Na siku za ngoma ya Chama nusu ya watu wake walikuwa uwanjani wanafundishwa kucheza, yeye alibaki na mtu mmoja au peke yake, ndoo za skori zinapita na kumwagwa, vipande alivyookota havijazi mfuko, na hata siku nyingine mfuko ulijaa kwa nadra. Angefanya nini? Mfuko ukirudishwa, anakatwa siku. «Basi tunaachaka kila siku unga kidogo mu pipa. Mufuko ikipunguka, tunajaza na ya jana. Sisi bote tunafanyaka hivi, tangu bazungu banaenda. Skori ni skori, mama.»

Skori ni skori! Pale pale nikayaona yote. Jumlisha nane zikifuatana. Kila mfuko ulibeba kipande cha mfuko uliotangulia, na ule uliotangulia cha ule wa nyuma yake, sawasawa na mikate ya Mama Zaina. Nilifurahi hadi nikamkumbatia Aziza. Mama Zaina akacheka, akaniwekea mikate mitano ya kubeba, akaniambia niwe nakuja kila Ijumaa, sahani yangu itakuwepo.

Niliandika ripoti siku mbili. Ukurasa wa kwanza nilieleza kipimo, jibu lake, na sababu: mwenye kuchukua sampuli huongeza unga wa jana katika mfuko wa leo. Ukurasa wa pili ndio uliokuwa na roho ya jambo. Humo nilionyesha kwa hesabu kwamba kuchanganya kunafanya siku zifanane na kuchelewesha mabadiliko, basi, hakuongezi shaba. Ukichanganya chai ya jana na ya leo hupati sukari ambayo hakuna aliyeitia. Kwa hiyo mstari ulipanda kwa sababu ya tanuri, na anayechukua sampuli hana hatia. Kwa desturi ya ofisi nilitia herufi za jina langu chini ya kila ukurasa, na sahihi kamili mwisho. Nikabakiza nakala ya kaboni ya ukurasa wa pili tu, wenye hesabu ndefu. Nikampelekea Citoyen Ilunga, akanipongeza: «Félicitations.»

Baada ya wiki mbili niliitwa kwenye chumba cha mikutano. Wakubwa watatu walikaa nyuma ya meza, picha ya Rais juu yao, na Papa Ramazani alikuwa amesimama katikati ya sakafu, kofia yake mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona kichwa wazi; alikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani. Citoyen Ilunga akasoma. Alisoma ukurasa wa kwanza wote, kwa Kifaransa kizuri, kisha akaweka karatasi chini. Nilingoja ageuze. Nikachungulia. Kulikuwa na karatasi moja tu, na chini yake herufi zangu.

Mmoja wa wakubwa akauliza, «Ni kweli unachanganyaka sampuli?»

«Ni kweli, Citoyen.»

«Weye peke yako, ao na bengine?»

Kule Kamalondo alikuwa ameniambia sisi bote. Nilijua walikuwa watu sita. Alitazama kofia yake kidogo, akasema, «Miye.»

«Nani alikutuma?»

«Hakuna. Mufuko ilikuwa inapunguka.»

Hapo nilisimama. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilisimama, kana kwamba kusimama kulikuwa na maana. Nikasema, «Citoyens, iko ukurasa wa pili.» Citoyen Ilunga akanigeukia kwa tabasamu la upole kabisa, kama mjomba. «Citoyenne, kazi yako tumeiona, ni ya muzuri sana. Kaa.» Nikakaa. Nilikuwa na nakala mezani kwangu, hatua hamsini kutoka pale. Nilikuwa na midomo, nilikuwa na miguu. Nikakaa, na nikainamisha kichwa, na nilipokiinua Papa Ramazani alikuwa ameshatolewa. Waliona huruma, walisema, hawakuandika sabotaji. Waliandika kosa kubwa la kazi. Akaondoka bila pensheni.

Jambo linalonichoma zaidi ni kwamba karatasi ya ukutani haikuondolewa, na mimi ndiye niliyeendelea kuweka nukta. Akaja kijana mpya wa sampuli, mfuko unapimwa mbele ya mlinzi, pipa la unga wa jana limevunjwa. Alama zangu sasa zilichanganyika vizuri, jibu langu lilikaribia mbili, kitabu kingefurahi. Na mstari ukaendelea kupanda, bila Papa Ramazani, kama nilivyoandika, hadi walipolisimamisha tanuri na kukuta matofali ya ndani yameliwa. Siku ile Citoyen Ilunga alibandua karatasi mwenyewe, akaikunja mara nne, akasema ukuta unataka rangi. Nilikuwa sahihi! Nilikwenda chooni nikapiga mlango kwa ngumi hadi mkono ukatoka damu, na kuwa sahihi hakukumrudishia mtu hata mkate mmoja.

Kamalondo sikurudi. Wiki ya kwanza nilisema wacha wapoe. Wiki ya pili nilisema ningeenda na maneno gani, wakati sikwenda ya kwanza? Ya tatu ilikuwa ngumu kwa sababu ya ile ya pili. Mwezi ukaisha hivyo, na mwaka, nikaolewa, nikafundisha hesabu shuleni miaka thelathini, na kila mwaka nilipofika kwenye sura ya kipimo kile wanafunzi walishangaa kwa nini Madame amekasirika. Soko la Kamalondo nililizunguka kwa nyuma. Mara moja nilimwona Papa Ramazani kwa mbali, ameketi nje ya duka la fundi cherehani, anashona vifungo vya shati la mtu. Nikavuka barabara.

Jumapili ile ya dua nilikwenda na bahasha kwenye mkoba. Nilikuwa nimepanga kila neno. Ningesimama mbele ya watu baada ya dua, nieleze kwamba baba yao hakuwa na hatia, ushahidi huu hapa, na kwamba aliyemtoa kazini ni mimi. Nyumba ilikuwa ile ile, imeongezwa chumba. Mama Zaina alikuwa ameketi ukutani, mdogo, macho yamefunikwa na utando. Alipapasa mkono wangu, akauliza ni nani, alipoambiwa aliushika asiuachie. Dua ikaisha. Sinia zikaletwa. Nikasimama, bahasha mkononi, nikaanza, «Miye ndiye niliandika ile karatasi…»

«Tunajua, Mama,» alisema Aziza. Amekuwa mwanamke mnene, mwenye miwani, sauti ya baba yake. Hakunikatiza kwa ubaya. «Papa alituambiaka siku ile ile alirudia ku nyumba. Alisema, ule mutoto alipiga hesabu ya kweli, na alisimama juu ya kunitetea.»

«Lakini iko ukurasa wa pili. Hawakusoma wa pili.»

«Alijua weye hauna mubaya. Hakukasirikaka juu ya kazi.» Akasita, akamtazama mama yake. «Alikasirikaka juu ya Ijumaa. Mama alikuwa anaweka sahani yako. Papa anasema, ngojeni kidogo, mutoto wa watu anatokea kazini. Tunangojea, wali inapoa. Wiki ya kwanza. Wiki ya pili. Mwaka muzima, Mama, kila Ijumaa. Miye ndiye nilikuwa nainua ile sahani.»

Nilibaki nimesimama, karatasi imetoka nusu kwenye bahasha, na watu wote wanangoja waanze kula.

«Iko nini mu ile karatasi?» Aziza akauliza.

«Hesabu.»

«Weka chini. Kaa, ukule.»

Nikakaa. Niliiweka karatasi juu ya mkeka mbele yangu, na Aziza, aliyekuwa anagawa mikate na mikono imejaa, akatua sahani yangu juu yake.